Kisasili kikichorwa hulazimika kujibu maswali

Mhariri, mmetuuliza wasomaji iwapo picha zinazosimulia visasili, yaani hadithi za kale za miungu, bado zina la kumwambia mtu wa zama hizi, aliyezoea kudai ushahidi kabla ya kuamini jambo. Naamini zinalo, na sababu imo katika kazi yenyewe ya kuchora. Msimulizi wa mdomo anaweza kusema kwamba mungu alishuka akiwa amezungukwa na nuru, kisha akaendelea na kisa chake. Mchoraji hana nafasi hiyo, kwa maana ni lazima aamue nuru hiyo inatoka wapi, inamwangukia nani begani, na kivuli kinalala upande gani.

Chukua picha ya mchoraji Mhispania Diego Velázquez inayoonyesha karakana ya Vulcan, mungu mhunzi wa visasili vya Warumi, aliyoichora Roma mwaka 1630 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Mungu Apollo amekuja kumpasha Vulcan habari kwamba mkewe Venus anatembea na Mars, mungu wa vita. Kichwa cha Apollo kinatoa miali, lakini juu ya fuawe kuna kipande cha chuma kilichoiva kwa moto, chenye mng'ao wake kisichohitaji muujiza wowote. Wahunzi ni wanaume wa kawaida, vifua wazi, kazi imesimama ghafla mikononi mwao, na mmoja amebaki ameachama kama yeyote anayesikia aibu ya mkubwa wake. Velázquez hakumkejeli mungu wala hakumtetea. Amemweka mahali ambapo joto, uzito na fedheha vinafanya kazi kama kwetu sote, na kwa sababu hiyo kisa kinazidi kuaminika.

Mambo huenda pia kinyume chake. Mwaka 1768 mchoraji Mwingereza Joseph Wright wa Derby alichora jaribio la kisayansi: ndege yumo ndani ya chombo cha kioo kinachoondolewa hewa, watazamaji wameizunguka meza usiku, na msichana mmoja amefunika uso asione. Hakuna mungu hapo, ila mwanga umepangwa kama katika picha za ibada, na anayeendesha jaribio ameinua mkono kwenye valvu, uhai wa kiumbe kile ukimtegemea yeye.

Ndiyo maana siafiki rai kwamba picha za visasili zifundishwe kama mabaki ya imani zilizokufa. Mwanafunzi awekewe picha hizi mbili pamoja, aulizwe katika kila moja ni nani anayejua jambo, na ni nani anayeumizwa na ujuzi huo.