Dawa ya ukungu haiondoi virusi kwenye vipandikizi vya bluberi

Je, kuchovya vipandikizi vya bluberi katika dawa ya ukungu kunatosha kuzuia magonjwa kitaluni? La, hakutoshi, kwa sababu dawa hiyo haigusi virusi, ambavyo husafiri kwa urahisi ndani ya miche. Virusi vinavyounguza maua na majani ya bluberi, vilivyoonekana kwanza katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1980, huenezwa na vidukari, na mmea unaweza kuvibeba mwaka mmoja au miwili bila dalili yoyote, hivyo kipandikizi kinachokatwa kwake huonekana kizima kabisa ilhali kimekwisha kuambukizwa. Kinga halisi ni mti mama uliopimwa maabara, au miche ya chupa (inayokuzwa maabara kutokana na vipande vidogo vya mmea) iliyotokana na mti wa namna hiyo, pamoja na kudhibiti vidukari kitaluni. Kuoza kwa mizizi ni suala jingine: vimelea vya Phytophthora, vinavyoozesha mizizi, huogelea majini, kwa hiyo viriba viwekwe juu ya meza au changarawe, visikae kwenye maji yaliyotuama, na udongo uliokwisha kutumika usirudishwe. Mkasi nao ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mama mwingine, ingawa hilo husaidia zaidi dhidi ya kuvu wa vidonda vya shina kuliko dhidi ya virusi hivyo.