Kanada na nyimbo zake: jibu kwa ndugu zangu wa Tanga

Ndugu zangu, safari hii hamkuniuliza habari za vibali wala za fedha. Mmeuliza kama Kanada ina nyimbo zake yenyewe au inaimba za Marekani tu, na kama mimi ninayeishi Ottawa nikizisikia najiona mwenyeji. Nitawajibu bila kupamba, kwa sababu nyimbo hizo zimenifunulia nchi hii kuliko picha tunazotumiana.

Wanazo, tena nyingi, lakini mtu aliyekua akiimba Tazama Ramani kwenye mstari wa asubuhi shuleni atasumbuka akitafuta wimbo mmoja wa kuibeba nchi nzima. Wimbo wa taifa upo: muziki wake aliutunga Calixa Lavallée, ukaimbwa mjini Québec mwaka 1880 katika sherehe za Wakanada wanaosema Kifaransa, maneno ya Kiingereza yaliyo msingi wa yale ya leo yakaandikwa mwaka 1908, na haukufanywa rasmi hadi mwaka 1980. Watu husimama unapopigwa kabla ya mechi ya magongo ya barafuni, kisha huketi na kuendelea na mambo yao. Mapenzi yao hasa yako kwa jimbo, na ndani ya jimbo kwa ziwa fulani, mgodi fulani au kisiwa fulani.

Haya nimeyaona kazini. Mnajua kwamba nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na sijawaficha kwamba kazi yenyewe ni kuogesha, kulisha na kubadilisha mashuka. Mzee akifikisha siku yake ya kuzaliwa, keki huletwa kwenye ukumbi wa chakula, na meza ya wanaosema Kifaransa huanza wimbo wao kabla wenzao hawajasafisha koo. Ni kiitikio cha Gens du pays, wimbo wa Gilles Vigneault uliosikika kwa mara ya kwanza Montréal tarehe 24 Juni 1975. Ndani yake huchomeka jina la mwenye sherehe na kumwambia kwamba sasa ni zamu yake kuambiwa maneno ya upendo. Ni huyo huyo Vigneault aliyekwisha kuimba kwamba nchi yake si nchi, bali ni majira ya baridi. Jimbo la Québec, ambako wengi husema Kifaransa, limepiga kura mara mbili kuamua kama lijitenge na Kanada au la, mwaka 1980 na mwaka 1995, na wimbo huu wa keki ulikuwa pia wimbo wa waliotaka kujitenga. Ndiyo maana kwenye meza ya Kiingereza wapo wazee ambao wakati huo huangalia vikombe vyao tu, hadi wenzao wamalize.

Mzee mwingine ninayemhudumia anatoka Glace Bay, katika kisiwa cha Cape Breton, kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Anaweza kuniuliza mara kadhaa asubuhi moja kama amekwisha kunywa chai, lakini ukimwanzishia Working Man wa Rita MacNeil anaupokea na kuufuata ubeti kwa ubeti, huku nikimsugua mgongo. Wimbo huo ni wa mchimbaji anayeapa kwamba hatashuka tena chini ya ardhi. Huko kwao kuna kwaya ya wachimbaji iitwayo The Men of the Deeps, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo huingia jukwaani gizani, wanakwaya wakiwa wamevaa kofia zao za mgodini zenye taa zinazowaka. Mimi sikuwahi kufika Cape Breton, ila kwa kumwogesha mzee huyu najua kwamba watu wa huko hawaoni aibu kuimba habari za kazi ngumu.

Ontario, jimbo langu, ina Gordon Lightfoot, aliyeimba kuzama kwa meli Edmund Fitzgerald katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975, pamoja na mabaharia wake wote 29. Meli ilikuwa ya Wamarekani, ila ilizama upande wa Kanada. Ninyi mnaokumbuka MV Bukoba hamhitaji kuelezwa kwa nini wimbo wa ziwa unaweza kuwanyamazisha watu. Ontario ina pia mji wa Sudbury, ambao Stompin' Tom Connors aliuimba jinsi ulivyo: Jumamosi usiku wanawake wako kwenye bingo, na wachimbaji wa nikeli wanalewa ili wausahau mgodi.

Sasa swali la kujiona mwenyeji. Wimbo ulionigusa ni Four Strong Winds wa Ian Tyson, wa mwaka 1963, ambao wasikilizaji wa CBC, redio ya taifa, waliupigia kura ya kuwa bora kuliko nyimbo zote za Kanada mwaka 2005. Mwanamume anakwenda Alberta, jimbo la magharibi, kutafuta kazi na kumwambia mwenzake kwamba mambo yakitengemaa atamtumia nauli, lakini papo hapo anakumbuka kwamba kutakuwa baridi na hakutakuwa na la kufanya. Mke wangu hataki usikike nyumbani. Anasema huyo ni mtu anayetafuta kisingizio cha kutotuma nauli. Alberta hiyo hiyo ndiyo waliyoikimbilia watu wa Newfoundland, kisiwa kilichojiunga na Kanada mwaka 1949 tu, baada ya serikali kuufunga uvuvi wao mkuu mwaka 1992. Kumbe mwenyeji naye huacha kwao, hutuma fedha nyumbani, na akilewa huimba bahari.

Hata hivyo, zipo nyimbo ambazo serikali ilitaka zisisikike. Kuanzia mwaka 1885 hadi mwaka 1951 sheria ilipiga marufuku potlatch, sherehe za kugawa zawadi za wenyeji wa asili wa pwani ya Pasifiki, pamoja na ngoma na nyimbo zake. Leo watu husimama kwa heshima ngoma hizo zinapopigwa kwenye shughuli za serikali, na sijui kama wote wanajua sheria hiyo ilivyokuwa.

Kuhusu sisi wahamiaji, mnaufahamu wimbo wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, Wavin' Flag. K'naan aliyeuimba alizaliwa Mogadishu na kukulia Rexdale, mtaa wa Toronto, na mwaka huo huo wanamuziki wa Kanada waliurekodi upya kuchangia waliopatwa na tetemeko la Haiti. Kama kuna wimbo wa Kanada ninaoweza kuuita wetu, ni huo, ingawa maneno yake ya mwanzo yanahusu nchi aliyoikimbia.