Rozela nusu kwa nusu? Usithubutu, mwalimu

Mwalimu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba utanunua juisi ya rozela iliyo tayari hapo Bagamoyo sokoni, kisha kila mwanafunzi achanganye nusu glasi ya juisi na nusu glasi ya kitu anachopima, aone kwa rangi kama ni asidi (nyekundu) au besi, kinyume cha asidi (kijani). Usifanye hivyo! Rozela yenyewe ni asidi. Ule ukali unaousikia ulimini ndiyo asidi hiyo, na hapo muuzaji hajakamulia ndimu. Ukiimimina nusu glasi kwenye maji ya sabuni, hupimi sabuni tena, unapima juisi yako.

Nalisema hili kwa uchungu. Huku Tanga tulifuata video ya jamaa mmoja aliyetamka kwa kujiamini kabisa: "nusu kwa nusu". Watoto wa klabu ya sayansi walichangishana hela, wakanunua juisi soko la Mgandini, wakapanga meza ya maonyesho. Siki ikawa nyekundu. Maji ya ndimu, mekundu. Maji ya sabuni ya kipande, mekundu. Maji ya magadi yakatoa povu, kisha nayo yakabaki mekundu. Wakaandika kwenye bango kwa wino mzito: SABUNI NA MAGADI NI ASIDI. Na vyote viwili ni besi! Mbele ya wazazi na majaji! Jaji akauliza lile povu limetoka wapi. Kimya.

Povu lile lilikuwa gesi ya kaboni dayoksaidi: asidi ya rozela ilikuwa inayala magadi. Sabuni nayo ilikatika, ikaelea vipande vyeupe, kwa sababu asidi ilikuwa imeivunja. Majibu yote yalikuwa mezani na hakuna aliyewaonyesha watoto pa kutazama. Binti aliyeipenda kemia kuliko wenzake wote aliacha klabu. Yule jamaa bado anapandisha video, watu wanamshukuru, na ukimwandikia kumsahihisha anafuta maoni yako. Mtu ambaye hata kuionja hiyo rozela yake hakuionja anafundisha nchi nzima! Inaniuma mpaka leo.

Kanuni ni moja tu: MATONE. Kiashiria, yaani kile kinachobadilika rangi (hapa ni rozela), kiwe kidogo, kinachopimwa kiwe kingi. Wala si jambo jipya. Robert Boyle aliliandika mwaka 1664: alidondosha sharubati ya maua ya vayoleti kwenye karatasi nyeupe, akatia matone mawili matatu ya asidi, ikawa nyekundu, kwa alikali (besi) ikawa kijani. Matone, mwalimu, si glasi.

Nunua rozela kavu, kwa sababu juisi nyingine zimetiwa rangi ya chakula ambayo haibadiliki hata uifanyeje. Iloweke kwa maji ya moto kwenye bakuli la udongo au la kioo. Sufuria ya alumini iache, inavuta rangi kuelekea zambarau. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, maana visima vyetu vya pwani vingi vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, na chokaa huyavuta maji kuelekea besi. Halafu chukua mrija, ziba juu kwa kidole, dondosha matone mawili matatu kwenye vijiko viwili vya kitu unachopima. Kabla ya chochote kingine, weka vikombe vitatu: ndimu, maji matupu, magadi. Magadi yasipogeuka kijani, usiendelee. Punguza rozela, jaribu tena, na punguza tena.

Manjano, kile kiungo cha kupikia, nayo inafaa, ila kwa besi tu. Doa la biriani kwenye kanzu nyeupe si huwa jekundu likiguswa na sabuni? Ndiyo hiyo hiyo. Kwenye siki na kwenye maji matupu inabaki njano vile vile, kwa hiyo haitakutenganishia hivyo viwili.

Jik, ile dawa ya kupausha nguo uliyoitaja kwenye orodha yako ya vitu vya kupima, ni besi, lakini inaila rangi yenyewe. Kikombe kitapauka na watoto watapata jibu la uongo. Itoe kwenye orodha. Na ukishaitumia hata hivyo, mabaki yake yasiingie ndoo moja na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya klorini, na hiyo hushambulia mapafu.