Programu ya Java kwa mteja wa Ubuntu: mpe .deb, si JAR

Ukimpelekea mhasibu wa SACCOS pale Moshi faili la JAR (programu ya Java isiyo na Java yenyewe) na maelekezo ya "kwanza weka Java", umemtwika kazi isiyo yake. Bando la kushushia ni lake, na toleo atakalopata huenda si lile ulilojaribia. Mpe .deb moja (kifurushi cha kusakinishia programu kwenye Ubuntu) yenye Java yake ndani, uipeleke kwa flashi.

Kazi hiyo inafanywa na jpackage, iliyo rasmi ndani ya JDK (zana za kutengenezea programu za Java) tangu toleo la 16 (2021). Weka fakeroot kwanza (zana ya Linux ambayo jpackage huihitaji kujenga .deb), kisha:

`jpackage --type deb --name mikopo --app-version 1.4.0 --input toleo --main-jar mikopo.jar --main-class tz.mikopo.Main --linux-shortcut --java-options -Xmx512m --add-modules java.desktop,java.sql,java.naming,jdk.crypto.ec,jdk.localedata`

Folda ya `toleo` iwe na JAR na maktaba zake tu. Kila kilichomo kinaingia kwenye kifurushi, hata nakala ya hifadhidata uliyoisahau humo.

Orodha ya moduli (sehemu za Java zinazoingia kwenye kifurushi, zile za `--add-modules`) utaipata kwa `jdeps --print-module-deps`, lakini usiiamini yote: haioni moduli ambazo programu inaziita ikiwa tayari inakimbia. Ukisahau jdk.localedata, yenye majina ya lugha mbalimbali, "Machi" inageuka "March" kwenye risiti. Kwenye JDK za kabla ya 22, ukikosa jdk.crypto.ec seva nyingi za HTTPS zinakukatalia.

Kinachosumbua zaidi ni mashine unayojengea. jpackage husoma maktaba za mashine hiyo na kuziandika kama mahitaji ya kifurushi. Ukijengea Ubuntu 24.04 unaweza kukuta `libasound2t64`, jina ambalo 22.04 hailijui kabisa, na usakinishaji unagoma. Jengea toleo la Ubuntu lililo kongwe kuliko yote waliyo nayo wateja wako, halafu kagua:

`dpkg -I mikopo*.deb | grep Depends`

Kusakinisha ni `sudo apt install ./mikopo*.deb`. Ile `./` usiiache, la sivyo apt italitafuta jina hilo kwenye hazina zake.

Programu inakaa `/opt/mikopo`, mali ya root (msimamizi wa mfumo). Ukiandika hifadhidata ya SQLite humo, mtumiaji wa kawaida ananyimwa ruhusa. Data iende `~/.local/share/mikopo`.

Na ile -Xmx512m, inayoiwekea Java kikomo cha kumbukumbu cha MB 512: bila hiyo, Java hujiruhusu robo ya RAM, yaani GB 1 kwenye kompyuta ya dukani Arusha yenye GB 4 na kivinjari kilichofunguliwa kutwa. Ikibana, badilisha mstari wa `java-options` ndani ya `/opt/mikopo/lib/app/mikopo.cfg`, huna haja ya kujenga upya. Ila toleo jipya likisakinishwa, badiliko hilo linafutika.