Tone moja la LSD iliyokauka nusu lina nguvu kiasi gani?

Ndugu, unasema kichupa cha LSD ya maji (dawa ya kulevya inayobadilisha fahamu) kilikaa kabatini miezi mingi, kifuniko kikiwa hakijakaza, na sasa kimebaki nusu. Jibu fupi: hakuna ajuaye tone hilo lina kiasi gani, na mimi nisingeligusa.

Kilichopaa ni spiriti au maji, si LSD yenyewe. Yenyewe hubaki chini, kwa hiyo tone la leo laweza kuwa na nguvu maradufu ya lile la mwanzo. Lakini mwanga, joto na klorini ya maji ya bomba huiharibu, hivyo huenda pia imepungua. Mambo mawili yanavutana, na jicho halioni lolote. Kuongeza maji hadi alama ya zamani hakusaidii. Hujui kilichoharibika, wala kilichoganda kwenye kuta za kichupa. (Na je, ulikuwa na uhakika na kipimo cha aliyekuuzia? Nina shaka.)

Kumbuka dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu. Albert Hofmann, mkemia aliyeitengeneza, mwaka 1943 alijaribu mikrogramu 250 akidhani ni kidogo mno, akapata hofu kubwa. Vipimo vya nyumbani vya kubadilika rangi kwa kawaida huonyesha kama huenda ipo, si kiasi chake. Kiasi hupimwa kwa uhakika maabara.

Kichupa kishike kwa glavu, kiweke mbali na watoto. Kama mtu ameshameza na amechanganyikiwa vibaya, ana degedege au mwili unawaka joto, mpelekeni hospitali na mseme ukweli alichotumia.