Boneti ya matundu: ikae kwanza, rangi baadaye

Ujumbe ulioingia juzi: Impreza ya tabo, boneti mpya ya faiba yenye matundu, kulia imezama, kushoto imepanda juu ya fenda, na fundi anasema ikishapigwa rangi itakaa. Haitakaa. Rangi hainyooshi faiba. Ikipigwa mapema, utaogopa kugusa kingo kwa msasa, na kazi ya boneti hizi iko kwenye kingo.

Anza na ile ya zamani. Chora kwa penseli mahali bawaba zilipokaa, bandika tepu ya karatasi kwenye pembe za fenda, tandika taulo chini ya kioo cha mbele, chomoa mpira wa maji ya waipa. Kila upande asimame mtu. Bolti za bawaba kwenye Subaru na Toyota nyingi ni za spana namba 12. Boneti ya bati ikiponyoka, kona yake ya nyuma inakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Ukishaitoa, usiiuze bado.

Mpya ifungwe kwa vidole tu, bila kile kitanzi kinachoingia kwenye loki. Kikiingia upande, boneti inajifunga na utakosa pa kupitisha mkono. Ishushe polepole, kisha tazama nafasi kati yake na fenda. Tafuta milimita 4 au 5, lakini muhimu zaidi ni zilingane pande zote mbili, kutoka taa hadi kioo. Mbele na nyuma unasogeza kwenye matundu marefu ya bawaba. Nyuma ikiwa chini, weka washa nyembamba kati ya bawaba na boneti. Mbele kuna vifuu vya mpira vinavyozungushwa kama skrubu, vipandishe au vishushe. Baada ya hapo kona ikibaki juu, faiba yenyewe imepinda. Kidogo itaondoka kwa msasa na puti. Ikizidi sentimita moja, irudishe dukani.

Kaza kwa mkono. Nati zimezikwa ndani ya faiba, na mashine ya upepo inazing'oa zikizunguka na bolti. Gari likiwa na vijiti vya gesi vya kuinua boneti, vitoe urudi kwenye fimbo ya kawaida: vimepimwa kwa uzito wa bati, vitaikunja hii nyepesi katikati.

Loki ya kiwandani isiachwe peke yake. Funga pini mbili za kushikilia boneti mbele, juu ya mhimili wa rejeta. Njia rahisi ya kupata mahali: paka lipstiki kwenye ncha za pini, shusha boneti, alama zitajichora kwa chini. Toboa na biti ya milimita 3 kwanza, kutoka chini, halafu panua kutoka juu ukiwa umebandika tepu ili jelikoti, ngozi ngumu ya juu ya faiba, isimeguke. Vaa barakoa, vumbi la faiba likiingia kifuani si la mchezo. Pini ikikaa kwenye faiba tupu bila bamba la chuma, tundu litakuwa limepanuka baada ya miezi michache.

Sasa matundu. Hewa ya moto hutoka pale msukumo wa nje ulipo mdogo, yaani nyuma kidogo ya rejeta, sehemu ya mbele ya boneti. Karibu na kioo msukumo ni mkubwa. Kwa hiyo ule mtindo wa kuinua boneti nyuma kwa washa ili injini ipumue unafanya kinyume ukiwa kwenye mwendo: hewa inaingia, na moshi wa injini unapitia tundu la hewa ya ndani ya gari hadi puani mwako. Ukitaka ushahidi, bandika nyuzi za sufu za sentimita 10 kuzunguka tundu, mtu apige video kutoka gari la pembeni. Uzi unaonyonywa ndani ni tundu lililokaa vibaya.

Kwa Impreza hiyo kuna jambo jingine. Intakula, kipoza hewa ya tabo, imelala juu ya injini na inalishwa na skupu, ule mdomo wa hewa juu ya boneti. Boneti ya matundu isiyo na skupu inaifisha, hata ukiitoboa kama chujio. Chagua yenye skupu, na mpira wa kuziba kati ya skupu na intakula uuhamishe kutoka boneti ya zamani, vinginevyo hewa itapita pembeni.

Masika yakija, maji yatashuka yalipoelekezwa. Angalia kilicho chini ya kila tundu: altaneta, koili, filta iliyo wazi. Tengeneza sahani ya aluminiamu ya kufungua kwa skrubu, yenye mpira wa kumwaga pembeni, na uifunge gari likilala nje.

Endesha siku mbili tatu bila rangi, mwendo ukipanda hadi 80, huku abiria akitazama ukingo wa mbele. Ukingo ukitetemeka, zungusha vifuu juu robo mzunguko. Ukitulia, kaza bolti tena, toa pini, boneti ipelekwe kwa mpiga rangi.