Yanga hawakufungwa Algiers

Mnasema Yanga walifungwa kule Algiers kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Hapana, walishinda 1-0, penalti ya Djuma Shaban mapema kabisa kipindi cha kwanza. Kombe lilipotea kwenye mechi ya kwanza, Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. USM Alger walishinda 2-1 pale, na jumla ilipokuwa 2-2 wakabeba kwa faida ya mabao ya ugenini (wao mawili, sisi moja). Mechi zote mbili nilizitazama mwanzo mwisho: kwa Mkapa mshambuliaji wetu Mayele anasawazisha dakika ya 82, uwanja mzima umesimama, halafu dakika mbili tu baadaye tunafungwa la pili. Bao lile ndilo lililotuua, jamani! Kwa hiyo mabeki mnaowalaumu kwa marudiano ya Algiers mnawaonea, maana siku ile hawakuruhusu bao hata moja.